Kutoka Uwanjani hadi Kitini: Bingwa wa Vitara, Wakimbiaji Wawili na Wazee wa Meru

Kongamano la Olimpiki lililofanyika Baden-Baden, Ujerumani Magharibi, mwaka 1981 lilikuwa la kwanza kuwapa wanamichezo wenyewe nafasi ya kusema mbele ya wakuu wa michezo. Wakuu walisikiliza, na mwaka huohuo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ikaunda Kamisheni ya Wanamichezo. Miongoni mwa wajumbe wake wa kwanza walikuwamo wawili ambao maisha yasingewakutanisha kwa urahisi. Thomas Bach, Mjerumani wa miaka 27 aliyekuwa bado katika masomo ya sheria, alikuwa bingwa wa mchezo wa vitara. Kipchoge Keino, Mkenya wa miaka 41 kutoka Nandi, alikuwa ameshaacha mbio akiwa na medali nne za Olimpiki, mbili za dhahabu na mbili za fedha. Baadaye Bach aliongoza IOC kwa miaka 12, na Keino akaongoza Kamati ya Kitaifa ya Olimpiki ya Kenya (NOCK) kwa miaka 18. Waliingia uongozini kwa mlango mmoja, lakini namna walivyotoka haifanani hata kidogo.

Anayeitazama safari hiyo kutoka Githongo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Imenti katika Meru, haoni jambo geni. Hapa wakulima huchuma majani chai na kuwapigia kura wakurugenzi wa kiwanda chao, na wazee bado wanakumbuka utaratibu uliokuwapo kabla ya kiwanda na kabla ya sanduku la kura. Katika utaratibu huo, kila mwanamume aliyeshika mkuki alijua kwamba siku moja angeuweka chini na kuanza kujifunza kazi ya kuketi na kusikiliza. Wameru walilijibu kwa rika na kwa mabaraza swali lilelile ambalo Ulaya ililijibu kwa vyama na katiba, na ambalo mataifa mapya ya Afrika Mashariki yalilijibu kwa haraka, mara nyingi kwa kumtegemea mtu mmoja mashuhuri.

Swali hilo lina sehemu tatu. Ni nani humpandisha bingwa kitini? Bingwa huyo anakuja na nini kutoka uwanjani? Na ni nani humshusha? Mapokeo yote yanayolinganishwa hapa yana jibu kwa kila sehemu, ingawa si yote yaliyokuwa na jibu mapema.

Tuanze na uwanja wenyewe. Bach alikulia Tauberbischofsheim, mji mdogo ambao kinyozi mmoja, Emil Beck, aliugeuza kuwa kitovu cha mchezo wa vitara duniani. Silaha ya Bach ilikuwa foili, nyembamba na nyepesi, na kanuni za foili ni za kisheria kuliko za michezo mingi. Mguso huhesabiwa ukipiga kiwiliwili tu. Wachezaji wawili wakigusana kwa pamoja, mwamuzi hana budi kuamua ni nani aliyekuwa na haki ya kushambulia, kwa maana aliyeshambuliwa anatakiwa azuie kwanza kabla ya kujibu. Mtoto anayejifunza foili anajifunza kujenga hoja kwa ncha ya chuma. Pamoja na hayo, klabu ya Kijerumani ni chama kilichosajiliwa, chenye wanachama, mweka hazina, mkutano wa mwaka na kumbukumbu zilizoandikwa. Bach alipotwaa dhahabu ya timu ya foili katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, na ubingwa wa dunia wa timu mwaka uliofuata, alikuwa tayari ameishi miaka mingi ndani ya utaratibu wa vikao.

Kwa wakimbiaji wetu uwanja ulikuwa mwingine. Mbio hazina haki ya kushambulia. Zina utepe wa mwisho na saa. Pale Mexico City mwaka 1968, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Keino alimaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha Mmarekani Jim Ryun kwa karibu sekunde tatu, na hapakuwa na hoja ya kujengwa baada ya hapo. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alifanya vivyo hivyo mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974: aliongoza tangu mwanzo, akamshinda John Walker wa New Zealand, na kuweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.16. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, akaweka rekodi ya dunia ya maili. Nyuma ya mafanikio haya hapakuwa na klabu yenye mkutano wa mwaka. Keino alilelewa kimichezo na polisi, Bayi na jeshi. Vyombo hivyo humpa mtu nidhamu, mshahara na muda wa mazoezi, mambo ambayo klabu ya kijijini isingeweza kuyatoa. Lakini humfundisha kupokea amri na kuitoa. Kuhesabu kura ni somo la mahali pengine.

Hiyo si kusema kwamba mkimbiaji huja mikono mitupu. Anajua upweke wa mazoezi, na anajua kwamba jitihada inaweza kupimwa bila upendeleo. Ndiyo maana, pengine, wakimbiaji hawa wawili walipopata jina waliligeuza kuwa vitu vinavyoonekana. Keino na mkewe walifungua makao ya watoto yatima karibu na Eldoret, kisha shule. Bayi alijenga shule zinazobeba jina lake, Kimara na Kibaha. Uongozi wa Bach umeacha kumbukumbu ya aina nyingine: maazimio, mikataba ya televisheni, utaratibu mpya wa kuchagua miji mwenyeji. Wote walijenga; tofauti iko katika aina ya jengo.

Mahali ambapo Bach na Bayi wanatazamana ana kwa ana ni katika historia ya migomo. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zilizosusia Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi katika kipindi kilekile damu ilipomwagika Soweto, haikuondolewa kwenye Michezo. Pambano la Bayi na Walker, ambalo ulimwengu wa riadha ulilisubiri kwa miaka miwili, halikufanyika. Walker alishinda dhahabu ya mita 1,500 bila Bayi, na katika Michezo hiyohiyo Bach akapata dhahabu yake. Miaka minne baadaye zamu ikageuka. Ujerumani Magharibi iliungana na Marekani kususia Moscow kwa sababu ya uvamizi wa Afghanistan. Kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo ilipitisha uamuzi huo kwa kura 59 dhidi ya 40, na Bach, aliyekuwa msemaji wa wanamichezo, alikuwa upande ulioshindwa. Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi akapata fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya 2024 hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Kila mmoja wa mabingwa hao wawili alifungiwa mlango ambao mwenzake aliupita, lakini funzo halikuwa moja. Kwa Bach, mgomo wa 1980 ulionyesha kwamba wanasiasa huwatumia wanamichezo bila kubadilisha chochote. Majeshi ya Kisovieti yalibaki Afghanistan hadi 1989. Ndipo ulipoota msimamo alioushikilia hadi mwisho, kwamba michezo isigeuzwe silaha ya serikali. Kwa Afrika, mgomo wa 1976 ulikuwa sehemu ya mapambano marefu yaliyoanza kabla yake na kuendelea baada yake. Afrika Kusini ilikuwa imeshafukuzwa katika harakati za Olimpiki mwaka 1970, na kutengwa huko kimichezo kulikuwa mojawapo ya shinikizo zilizouchosha utawala wa kibaguzi. Ujerumani iliona bingwa aliyenyimwa haki yake. Dar es Salaam iliona bingwa aliyechangia ukombozi kwa kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo. Mtazamo wa kwanza haumfanyi Bach kuwa mbinafsi, na wa pili hauifanyi Tanzania kuwa katili kwa mwanariadha wake. Ni vipimo viwili vya deni la bingwa kwa watu wake. Bayi baadaye alikaa kwa miaka mingi kwenye kiti cha Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania, na Nyambui akawa Katibu Mkuu wa chama cha riadha cha nchi hiyo. Nchi iliyowaomba wanamichezo wake kujinyima iliwakabidhi baadaye ofisi za michezo.

Mapokeo ya Meru yanaingia hapa, kwa kuwa yalitoa jibu lililotofautiana na hayo yote. Kijana wa Kimeru wa zamani alipotahiriwa aliingia rika lake na kuwa nthaka, shujaa wa kulinda mifugo na mipaka. Aliishi na wenzake katika gaaru, nyumba ya mashujaa. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya simulizi za wazee waliokumbuka enzi hizo, ameonyesha jinsi vita vya Wameru vilivyofungwa na desturi na mipaka. Ushujaa ulisifiwa, lakini ulikuwa na muda wake. Baada ya kuoa, mtu alianza kuingia katika viama, yaani mabaraza, akapanda ngazi baada ya ngazi, kwa kutoa mifugo na kwa kupimwa tabia. Juu ya viama hivyo ilikuwapo Njuri Ncheke, baraza la wateule ambalo lina makao yake Nchiru, Tigania, hadi leo.

Katika mpango huu sifa za vitani hazikumpa mtu kiti moja kwa moja. Zilimpa jina, nalo jina lilibaki katika nyimbo za rika. Barazani palihitajika sifa nyingine: kukumbuka mashauri yaliyopita, kuyavumilia maneno marefu ya wengine, kuzuia hasira. Shujaa aliyekosa sifa hizo alibaki shujaa aliyezeeka. Tena hakuna aliyepanda peke yake. Rika zima lilisogea, na rika la chini likasogea nyuma yake. Juu ya mfumo wa rika palikuwa na pande mbili, Kiruka na Ntiba, zilizopokezana madaraka. Sherehe ya ntuiko ilipofika, walioishika nchi waliiachia. Wakikuyu nao walikuwa na itwika, Maina na Mwangi wakipishana kwa zamu. Kung'ang'ania hakukuwa na nafasi, maana aliyeng'ang'ania angebaki ameketi bila wenzake wa rika.

Tukiziweka njia hizi sambamba, majibu ya swali la kwanza yanajipanga. Mzee wa Meru alipandishwa na waliomtangulia, akitazamwa na aliokua nao. Bach naye alipandishwa na waliomtangulia, kwa sababu IOC huchagua wajumbe wake yenyewe: aliingia mwaka 1991, akawa makamu wa rais mwaka 2000, akawa rais wa kwanza wa shirikisho jipya la michezo la Ujerumani mwaka 2006, na Septemba 2013 mjini Buenos Aires akachaguliwa kuongoza IOC. Kati ya ujumbe na urais ilipita miaka 22, muda ambao mzee wa Kimeru asingeuona mrefu. Katika Afrika Mashariki ya baada ya uhuru ngazi zilikuwa chache na mara nyingi dola ilikuwa karibu. Francis Nyangweso wa Uganda, aliyepigana ndondi katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, alipanda jeshini hadi ukuu wa majeshi, kisha akaongoza kamati ya Olimpiki ya nchi yake kwa miaka mingi na kuwa mjumbe wa IOC. Ngumi, jeshi na kamati vilikutana katika mtu mmoja.

Keino alikipata kiti chake kwa dhoruba iliyotoka mbali. Mwishoni mwa 1998 ilifichuka kwamba Salt Lake City ilikuwa imewapa wajumbe wa IOC fedha na upendeleo ili ipewe Michezo ya majira ya baridi ya 2002. Charles Mukora, Mkenya aliyekuwa mjumbe, alijiuzulu Januari 1999. Mwaka huo Keino akashika uenyekiti wa NOCK, na mwaka 2000 akaingia IOC. Mjini Lausanne, yaliko makao ya IOC, kashfa hiyohiyo ilizaa marekebisho ya katiba: rais wa IOC angehudumu miaka minane, na kama akichaguliwa tena, minne tu ya ziada. Juan Antonio Samaranch, aliyeketi kwa miaka 21, akawa wa mwisho wa aina yake. Tofauti ni kubwa ingawa dhoruba ni moja. Lausanne walitengeneza mlango wa kutokea. Nairobi walimpata mtu mwema, wakaamini kwamba wema wake unatosha.

Matokeo yake yalionekana Rio de Janeiro mwaka 2016. Katika sherehe ya ufunguzi, chini ya urais wa Bach, Keino alitunukiwa Tuzo ya Taji la Olimpiki, heshima mpya iliyotolewa kwa mara ya kwanza, kwa kazi yake ya elimu na malezi ya watoto. Kenya ilivuna dhahabu sita katika Michezo hiyo. Hata hivyo wanamichezo walirudi nyumbani na malalamiko ya sare zilizopotea, tiketi zilizochelewa na fedha zisizoeleweka zilikokwenda. Serikali ikatangaza kuivunja kamati, kesi zikafika mahakamani, na mwaka 2021 baadhi ya waliokuwa maafisa wakatiwa hatiani. Mwaka 2018 ofisi ya mkuu wa mashtaka ilitangaza kwanza kwamba Keino naye angeshtakiwa, kisha ikaamua awe shahidi. Wakosoaji waliiona miaka 18 ya uenyekiti kuwa ndiyo kosa. Watetezi walisema mzee aliwaamini wasaidizi wake kupita kiasi. Kauli hizo mbili hazipingani sana. Taasisi isiyo na zamu humwachia kiongozi wake mzigo ambao hakuna wema wa mtu mmoja unaoweza kuubeba, na mzigo ukianguka humwangukia yeye pamoja na jina lake la zamani.

Marekebisho yalifuata. IOC ilizuia fedha hadi katiba mpya ipite, na Septemba 2017 Paul Tergat, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya marathoni ya 2:04:55 iliyowekwa Berlin mwaka 2003, akachaguliwa rais wa NOCK bila mpinzani. Alihudumu vipindi viwili na kuondoka mwaka 2025. Kwa hesabu za Kimeru, Kenya ilichelewa kidogo tu kuigundua ntuiko yake.

Lakini itakuwa dhuluma kuifanya Lausanne kuwa mwalimu na Nairobi kuwa mwanafunzi. Mwaka 2021 Bach alichaguliwa tena kwa kura 93 dhidi ya moja, bila mgombea mwingine. Mtu ambaye mchezo wake wote ulikuwa wa kumtazama mpinzani machoni alifika mahali ambapo hapakuwa na mpinzani wa kutazamwa. Oktoba 2023, mjini Mumbai, baadhi ya wajumbe walisimama na kupendekeza katiba ibadilishwe ili aendelee baada ya 2025, na sauti kati yao zilitoka Afrika pia. Agosti 2024 akatangaza kwamba hataendelea. Mlango uliowekwa 1999 ulifanya kazi yake, ingawa walikuwapo waliotaka kuukomea. Mlango wa kuandikwa, basi, una nguvu kiasi cha nia ya walio ndani ya chumba. Wazee wa Meru wasingelishangaa hilo: zamu yao haikuandikwa popote, na ilidumu kwa sababu rika lililokuwa nyuma lilikuwa likisubiri kwa sauti.

Nao Wameru hawakuepuka udhaifu. Serikali ya kikoloni ilileta machifu wa kuteuliwa, ambao hawakupanda kwa rika wala kushuka kwa ntuiko, na mfumo wa zamu ukadhoofika. Njuri Ncheke ilinusurika, ikatambuliwa, na leo bado husuluhisha migogoro ya ardhi na ya familia. Hata hivyo miaka ya karibuni imeshuhudia mivutano ya uongozi ndani yake, na wanasiasa hawakosi kuutafuta mkono wake wakati wa kura. Baraza lililoachwa bila zamu iliyokuwa ikilisukuma kutoka chini hujikuta na maswali yaleyale ya NOCK.

Kuna mlango mwingine ambao mapokeo yote haya yaliufunga kwa muda mrefu. Njuri Ncheke ni baraza la wanaume. IOC, iliyoundwa mwaka 1894, haikuwa na mjumbe mwanamke hadi 1981, mwaka uleule wa Baden-Baden. Katika mchezo wa vitara, wanawake walianza kushindana Olimpiki kwa foili mwaka 1924, lakini epe, silaha nzito zaidi ambayo mguso wake huhesabiwa popote mwilini, haikufunguliwa kwao hadi Atlanta mwaka 1996. Huwezi kumcheka jirani kwa kufunga mlango ambao kwako ulikuwa umefungwa pia.

Alexandra Ndolo ameingia katika historia hii kupitia epe. Alizaliwa Bayreuth, baba yake Mkenya na mama yake Mpolandi, akalelewa na mfumo uleule wa klabu za Kijerumani uliomlea Bach. Julai 2022, mjini Cairo, alipata fedha ya dunia akiwa Mjerumani, akishindwa fainali na Song Se-ra wa Korea Kusini. Badala ya kukaa pale mfumo ulipokuwa tayari, mwaka huohuo akaamua kuiwakilisha Kenya, nchi ambayo chama chake cha vitara kilikuwa kichanga na yeye mwenyewe alikuwa ameshiriki kukisimamisha. Mwaka 2024 alishinda mchujo wa Afrika uliofanyika Algiers, akawa Mkenya wa kwanza kushindana mchezo wa vitara katika Olimpiki. Alitolewa mapema pale Grand Palais mjini Paris na Olena Kryvytska wa Ukraine. Wakati huohuo, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, vijana wa klabu ya Tsavora Fencing Mtaani, iliyoanzishwa na Mburu Wanyoike, walikuwa wakijifunza hatua na kinga.

Ndolo amepindua mpangilio. Bach alipata dhahabu kwanza, kisha akajifunza uongozi. Keino na Bayi walikimbia kwanza, kisha wakakabidhiwa ofisi. Mzee wa Meru aliweka mkuki chini ndipo akaketi. Ndolo alilazimika kushughulika na chama kabla ya kupata bendera ya kushindania, akifanya kazi ya mzee huku silaha ikiwa bado mkononi. Katika nchi ambamo mchezo ni mpya, bingwa hana anasa ya kusubiri. Lakini mpango huo una hatari zake, kwa sababu chama kinachosimamishwa na watu wachache wenye sifa huweza kuzoea kuwategemea haohao.

Wala asidhani mtu kwamba mchezo wa silaha ulifika pwani yetu kwa ndege kutoka Ulaya. Lamu ina kirumbizi, ambapo wanaume wawili hukabiliana kwa fimbo kwa mdundo wa ngoma na sauti ya zumari, hasa siku za Maulidi. Oman ina razha, yenye panga na ngao ndogo. Katika michezo hii heshima, mizani ya mwili na kusoma nia ya mwenzako ni zilezile zinazotakiwa katika foili. Tofauti iko katika anayehukumu. Ulaya iliunda shirikisho la kimataifa mwaka 1913, na kufikia Olimpiki ya 1936 umeme ulikuwa unahesabu miguso ya epe. Lamu iliwaachia hukumu watazamaji na wazee, na haikuhitaji bingwa, kwa hiyo haikupata tatizo la bingwa anayetafuta kiti.

Tukizikusanya njia hizi pamoja, haielekei kwamba uwanja mmoja huandaa viongozi bora kuliko mwingine. Foili ilimpa Bach jicho la kisheria, na pengine ilimzoesha kuiona kila hoja kama shambulizi la kuzuiwa. Mbio ziliwapa Keino na Bayi uaminifu wa saa, lakini saa haimfundishi mtu jinsi ya kumkagua mweka hazina. Mkuki uliwapa wazee wa Meru ujasiri ambao baraza liliwataka waufiche. Tofauti kubwa zaidi iko katika swali la tatu. Meru ilimshusha mtu pamoja na rika lake, kwa sherehe, kwa hiyo kushuka hakukuwa fedheha. IOC humshusha kwa kifungu cha katiba, peke yake, naye huondoka na cheo cha heshima. Kenya na jirani zake kwa muda mrefu hazikuwa na njia yoyote ya kumshusha bingwa isipokuwa kifo, kashfa au uchovu, na njia zote tatu humvunjia heshima mtu aliyestahili shukrani.

Machi 2025, huko Ugiriki, IOC ilimchagua Kirsty Coventry, muogeleaji wa Zimbabwe, kuwa rais wake: mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Alipata kura 49 kati ya 97, ushindi mwembamba katika duru ya kwanza, baada ya kupitia Kamisheni ileile ya Wanamichezo iliyoanza na Bach na Keino. Mmoja wa aliowashinda ni Sebastian Coe, aliyekuwa naye mjumbe wa kamisheni ya 1981. Ushindi huo ulisherehekewa barani, na kwa haki. Lakini kwa chama kidogo kama cha vitara cha Kenya, mfano wenye faida zaidi hauko katika jinsi Coventry alivyopanda. Uko katika ukweli kwamba ukomo wa muda wa mtangulizi wake ulijulikana tangu alipochaguliwa. Wanaoandika katiba za vyama vya michezo vya kesho hawana haja ya kuchagua kati ya Lausanne na Nchiru. Wanaweza kuchukua kifungu cha Lausanne, kinachotaja mwaka, na sherehe ya Nchiru, inayomfanya anayeondoka aondoke akiwa na wenzake na heshima yake. Kifungu bila sherehe humgeuza bingwa kuwa mfukuzwa, na sherehe bila kifungu huahirishwa kila mwaka.